Asidi Iliyorudishwa Chupani

Siku mliyoniaga hapa maabara nikistaafu mlinikatia keki yenye umbo la chupa ya koniko, na juu yake mkaweka sukari ya bluu. Niliila kwa tahadhari. Kazi hii ikishakuingia, huli kitu cha bluu bila kujiuliza kimetengenezwa na nani. Halafu kijana wetu wa mizani akaniomba niandike nilivyoanza, "ili tujifunze, mama." Nimejaribu. Mambo ya vyeo nimeyaacha. Yako kwenye faili, na hayajawahi kumfundisha mtu kuosha bika. Nitasema habari za shule, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza karibu kila kitu ninachokijua, pamoja na jambo moja ambalo heri nisingelijua.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi hapa Kampala. Baba alikuwa koplo kutoka kaskazini, mama Mganda, na watoto wa kambi tulizungumza Kiswahili, kila mmoja na chake. Hiki ninachoandika nilikinyoosha baadaye, nilipofanya kazi Nairobi kwa muda. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani Kampala nzima huongea hivi.

Nilipata kazi ya msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari upande wa Kawempe, mwaka ule ule wanajeshi walipochukua serikali. Fundi wa maabara alikuwa Mzee Ssekitto, Mganda mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kiswahili chake alikipata vitani, alipokuwa akiosha vyombo katika hospitali ya jeshi la Mwingereza, na alipenda kukitumia nami ili kisimpotee. Siku ya kwanza nilidhani atanionyesha kemikali. Alinionyesha sinki.

"Muwala," alisema, yaani binti, na ndivyo alivyoniita mpaka mwisho, "chombo safi ni ile maji nateleza juu yake yote pamoja. Kama maji nasimama matone-matone, bado iko mafuta. Ludia."

Nilirudia. Niliosha neli za majaribio, vile vibomba vya kioo visivyozidi upana wa kidole, mpaka ngozi ya mikono ikajikunja. Nilipofuzu sinki nikapewa bureti, bomba refu la kioo lenye mistari ya kupimia, nikajifunza kusoma kimiminika penye bonde lake, jicho likiwa sawa na mstari. Nilijifunza kunyonya pipeti kwa mdomo, jambo ambalo leo mngenishtaki, na nilionja magadi kabla sijaonja mshahara. Nilijifunza kupasha neli moto huku mdomo wake ukielekezwa ukutani. "Si kwa mutu," alisema Mzee, "hata kama wewe hapana penda yeye."

Sheria yake kubwa ilihusu chupa. Ukimimina asidi kwenye bika, kikombe cha kioo, na ikabaki, mabaki unayamwaga. Huyarudishi. Huwezi kujua bika ilipitia wapi, na tone moja chafu linaharibu chupa nzima, na chupa nzima inaharibu darasa. "Dawa ikitoka mu chupa hailudi," alisema, na kwa sheria hiyo hakuwa na mzaha. Aliwahi kumwaga lita nzima ya asidi kwa sababu mwalimu mmoja alirudisha kijiko kimoja.

Mwalimu wa kemia alikuwa Bwana Opio, mtu wa Lango, mwembamba, mcheshi, aliyefika kwa baiskeli huku suruali imebanwa kwa vibanio vya nguo. Somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa namna ya kuainisha vitu. Aliweka mezani chumvi, msumari, glasi ya chai, maziwa na chupa iliyoonekana tupu, akauliza, "Kitu kimoja au mchanganyiko?" Wanafunzi wakabishana. Msumari ni elementi, wakasema; yeye akacheka, akawaambia chuma cha msumari kina wageni ndani. Chumvi ni kampaundi, sodiamu na klorini zilizofunga ndoa isiyovunjika kwa kuchuja. Chai ni mchanganyiko. Chupa tupu si tupu, ina hewa, na hewa nayo ni mchanganyiko. Kisha aliwaambia neno alilowaambia hadi wakalichoka: "Andika kile macho yako yameona. Kitabu hakikuwepo kwenye neli yako."

Aliyelishika neno hilo kuliko wote ni Hawa. Alikuwa binti wa sajini wa jeshi, wa huko magharibi ya Nile, akiishi kambi ya jeshi na wazazi wake. Wenzake walimwogopa kidogo kwa sababu ya baba yake, wakati mwenyewe hakuwa na la kuogopesha ila ubishi. Saa za mapumziko alikuja kutusaidia kukausha vyombo, na kila kitu alikiuliza. Siku ya somo lile la kuainisha aliinua mkono akasema, "Na damu, mwalimu?" Opio akamjibu kuwa damu ni mchanganyiko, na kule hospitali ya Mulago wanaitenganisha kila siku. Tangu hapo Hawa alikuwa na hamu moja tu: afaulu kidato cha sita, aingie chuo kikuu kusomea udaktari, afike Mulago. Mzee Ssekitto alimtania, "Wewe utachoma watu sindano na kubishana nao." Lakini chombo alichokikausha Hawa hakukikagua mara ya pili, na mimi hakunipa heshima hiyo mpaka mwaka wangu wa tatu.

Halafu Wahindi wakafukuzwa nchini, na duka lililotuuzia vioo na kemikali likapewa mtu aliyekuwa dereva wa afisa. Nilikwenda mara moja kuulizia naitreti ya fedha. Akanionyesha mikufu. Sukari ikaadimika, sabuni ikaadimika, tukaosha vyombo kwa majivu yaliyochujwa. Neli iliyovunjika mdomo Mzee aliikata kwa tupa na kuilainisha kwenye moto wa kichomeo, ikarudi kazini ikiwa fupi. Kufikia mwisho tulikuwa na neli za kila kimo, kama watoto wa familia moja.

Asubuhi moja, Hawa akiwa tayari kidato cha sita, Mzee alichukua bika yenye mabaki ya asidi, akasimama nayo kwenye sinki kwa muda. Kisha akafungua chupa, akayarudisha. Alifanya hivyo akiwa amenipa mgongo.

"Sasa naludisha, muwala," alisema. "Kama hapana ludisha, mwezi ujao tutafundisha na maji."

Sikumwonea aibu, nilimhurumia. Tangu siku ile tulirudisha wote, tukisoma karatasi ya chupa kwa sauti kabla ya kumimina. Lakini asidi ya haidrokloriki na asidi ya naitriki, zikiwa nyepesi, zote zinafanana na maji. Mahali fulani katika miezi ile, mkono fulani, wangu au wake au wa mwanafunzi aliyetaka kusaidia, ulimimina ile ya kwanza, ambayo ina kloridi, kwenye chupa ya pili. Nimejiuliza miaka yote na sijui.

Wiki ya mtihani wa vitendo, Bwana Opio hakuonekana. Watu wa kwao walikuwa wakichukuliwa na askari, wengine wakiwa darasani, wengine wakitoka kanisani, na waliochukuliwa hawakurudi. Hakumuaga mtu. Tulijua tu kuwa baiskeli haipo. Mkewe aliyebaki na watoto kwenye nyumba za walimu alifanya jambo ambalo sijalisahau: kila asubuhi alifua mashati ya mumewe na kuyaanika uani, yaleyale, ili majirani waone kuwa mwenye mashati yupo.

Sasa lazima niwaeleze utaratibu, maana ninyi hamkuukuta. Siku ya mtihani wa vitendo mwalimu wa kemia alitakiwa kufanya jaribio lile lile, chumba kile kile, kwa dawa zile zile walizopewa wanafunzi, kisha aandike alichokiona na kukitia kwenye bahasha pamoja na majibu yao. Watahini wakasahihisha kwa kutazama karatasi ya mwalimu. Ikiwa dawa za shule zina kasoro, itaonekana kwake pia, na mtoto hataumia. Bwana Opio alikuwa amewaeleza wanafunzi hayo mapema, ili watulie.

Kitu walichopewa kilikuwa chumvi ya zinki na naitreti, kitu kimoja, safi. Ukikipasha moto kinatoa moshi wa kahawia. Ukikitia asidi ya naitriki kisha naitreti ya fedha, hakuna kinachotokea, kwa sababu hakina kloridi, ambayo ndiyo hutoa weupe. Naitreti ya fedha ilikuwa imebaki kidogo mno, hivyo Mzee alipita na kipipeti cha kudondoshea, akimpa kila mmoja matone ya jaribio moja tu. Nilikuwa nimesimama nyuma. Niliona neli ya Hawa ikigeuka nyeupe. Naye aliitazama, akaitia amonia, weupe ukayeyuka, akainama kuandika. Alikuwa na uso wa mtu mwenye furaha. Jirani yake aliona weupe ule ule, akakunja uso, akaangalia dari kukumbuka kitabu, kisha akaandika.

Wanafunzi walipotoka, tulizipanga neli dirishani tuzioshe. Jua liliingia. Nilipogeuka, neli zote zilikuwa zimeingia zambarau, na sehemu nyingine kijivu, kama jicho lililopigwa ngumi. Kloridi ya fedha hufanya hivyo kwenye mwanga. Neli zote, na chumvi waliyopewa haikuwa na kloridi hata chembe. Mzee alichukua asidi ya naitriki peke yake, akaitia tone la mwisho la naitreti ya fedha. Ikawa nyeupe. Akakaa juu ya kigoda.

"Ni chupa," alisema. "Bambi, maskini watoto."

Tulikwenda kwa Mkuu wa shule mbiombio. Alikuwa mwalimu wa historia, mtu mpole, mlevi wa chai wakati chai haina sukari. Bahasha ilikuwa mezani, imefungwa kwa lakiri. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Karatasi ya mwalimu imeshaandikwa," alisema. "Niliiandika mimi. Nilinakili majibu yaliyoletwa na mtihani, nikatia sahihi ya Opio."

Mzee akamwambia aifungue aandike upya.

"Nikiandika kuwa dawa ilikuwa mbaya, wataniletea mtu wa kuuliza. Atamtaka Opio. Opio hayupo, Mzee. Mkewe anangoja lori la ndizi la kumvusha mpaka wa Busia na watoto. Wakijua leo kwamba ametoroka, kesho wataikuta nyumba ina mkewe na watoto." Alitutazama mmoja mmoja. "Niambieni nifanye nini."

Tulirudi maabara kuosha neli. Bahasha ikaenda. Lori la ndizi lilikuja, na siku chache baadaye mashati hayakuanikwa tena.

Matokeo yalipotoka, wale walioandika "hakuna mabadiliko" walipita. Hawa aliandika alichokiona: moshi wa kahawia, na weupe ulioyeyuka kwa amonia, kwa hiyo kitu hiki si kimoja, ni mchanganyiko wa chumvi mbili. Kwa dawa aliyopewa, ndilo jibu lililo sawa kabisa. Kwa karatasi iliyokuwa kwenye bahasha, alikuwa amebuni. Kemia ilianguka, na udaktari ukaanguka nayo.

Baba yake alikuja asubuhi, kwa Landrova ya jeshi, Hawa akiwa amekaa mbele kando yake. Sajini Ramadhani alikuwa mtu mfupi, mpana, bastola kiunoni. Aliingia maabara na kuvua kofia, jambo ambalo sikulitegemea.

"Wewe ndiyo fundi ya hii nyumba ya dawa?"

"Ndiyo, afande," Mzee alisema.

"Mutoto yangu nasema yeye naona kitu nyeupe. Karatasi nasema hapana kitu nyeupe. Huyu mutoto, tangu mudogo, hapana danganya mimi. Hata kama nataka kumupiga, yeye nasema ukweli tu. Sasa onesha mimi."

Mzee alikuwa ameiweka ile chupa juu ya kabati, mbali na nyingine, na tone la naitreti ya fedha lilikuwa limepatikana kwa kuomba shule jirani. Aliishusha. Alifanya jaribio mbele ya Sajini, taratibu kama anavyomfundisha mwanafunzi. Neli ikawa nyeupe.

Sajini alicheka kwa sauti. "Nyeupe! Kama maziwa! Hawa, si ndiyo hii?" Alimshika binti yake bega, akamtikisa kwa furaha. Sijawahi kumwona baba akijivunia mtoto namna ile. Kisha kicheko kikaisha. "Basi nani nasema hapana?"

"Chupa ilikuwa mbaya, afande," Mzee alisema. "Asidi mbili nachanganyika. Kosa ya chupa."

"Chupa hapana andika karatasi, mzee. Karatasi naandika mutu. Mimi nataka hiyo mutu."

Wakati huohuo Mkuu alikuwa amefika mlangoni. Aliliona gari kutoka ofisini kwake, na badala ya kutoroka kwa mlango wa nyuma, alikuja. Alisimama akishika fremu ya mlango. Niliona anataka kusema. Mzee akatikisa kichwa, kidogo sana.

Hawa aliona. Alimtazama Mkuu, akatazama meza ya mbele, ile ambayo Bwana Opio alipaswa kusimama siku ya mtihani na hakusimama. Alikuwa na akili ya kutosha, hakuhitaji kuambiwa. Alijua karatasi ya mwalimu iliandikwa na mtu ambaye hakugusa neli. Alijua pia baba yake ni nani akikasirika, na watu waliopakiwa kwenye magari ya aina ile wanapelekwa wapi.

Aliichukua neli mkononi mwa Mzee, akaiinua kwenye mwanga.

"Baba," alisema, "ni mimi nakosea."

"Wewe?"

"Kabla ya kupima dawa, mutu napima asidi peke yake kwanza. Mwanafunzi nzuri nafanya hivyo. Mimi sikufanya. Naona nyeupe, naandika haraka. Walimu hapana kosa."

Uongo. Jaribio hilo lilihitaji matone ya pili, na sisi tulimpa ya moja tu. Mzee alijua, mimi nilijua, Mkuu alijua. Sajini alitutazama mmoja baada ya mwingine, nasi tukatazama sakafu. Tulikuwa watu wazima watatu, na tulimwacha mtoto atubebe.

"Wewe hapana danganya mimi, Hawa?"

"Hapana, baba."

Alirudisha kofia kichwani. Alimpa Mzee mkono, akasema, "Samahani, mzee. Mimi nasumbua watu bure," na akatoka. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. Uani alipanda gari bila kumngoja binti yake. Hawa alikuja kando ya kiti cha mbele, akasita, kisha akazunguka akapanda nyuma, kwenye benchi la askari.

Mkuu alikaa kwenye kigoda cha wanafunzi, akalia kwa sauti. Mzee aliosha neli. Alipomaliza aliichukua ile chupa ya asidi, akaimwaga yote, maji ya bomba yakiendelea kutiririka mpaka nikayafunga mimi.

Tulisema tutaandika kwa watahini mambo yakitulia. Tulikuwa tunasema hivyo kwa mambo mengi wakati ule. Mambo hayakutulia. Nilisikia Hawa amepata kazi ya kupiga taipu kambini, kisha ameolewa na koplo. Nilimwona mara moja sokoni Nateete, ana mtoto mgongoni. Alinisalimia kwa heshima, akauliza hali ya Mzee, na mimi, mjinga, nikamweleza kwamba tumepata neli mpya. Serikali ile ilipoanguka, familia za askari zilikimbilia kaskazini na kuvuka mpaka, na njiani watu walilipiza kisasi kwa waliokosa na wasiokosa. Niliuliza kwa waliorudi. Hakuna aliyenipa jibu la maana. Najuta kwa yale ya sokoni kuliko yote. Nilikuwa naye ana kwa ana, hakuna askari, hakuna bastola, na sikumwambia hata asante.

Mzee Ssekitto alifariki nikiwa nimeshahamia Mulago. Mkuu aliishi miaka mingi, akazikwa na umati. Watoto wa Opio walikuja kutoka Nairobi, watu wazima sasa, na mkubwa wao akasimama akaeleza jinsi mama yao alivyovushwa Busia chini ya ndizi, na kwamba wote walio hai katika familia yao wana deni la uhai kwa Mkuu. Watu wakalia. Mimi pia nililia, na waliokuwa kando yangu walidhani nalia kwa sababu hiyo.

Baada ya maziko, binti mdogo wa Opio alinitafuta. Ni daktari wa watoto. Alinishika mikono yote miwili.

"Mama, wewe ulikuwa maabara na baba, sivyo? Baba alikuwa akitusimulia habari za mwanafunzi mmoja wa pale, msichana wa kambini, Hawa. Tukiwa wavivu wa kusoma alisema, 'Hawa angekuwa ameshamaliza.' Mpaka anakufa alisema huyo ndiye mwanafunzi wake bora. Nimetamani sana kukutana naye. Alikwenda kufanya udaktari wapi?"

Gari lao lilikuwa limewashwa, na mwanawe alikuwa akimvuta gauni. Alinisubiri nijibu, akitabasamu.

"Sijui, mama," nilisema.

"Pole," akasema, "nilidhani mliendelea kuonana," akanikumbatia, akaingia garini.